Lango la Saba Halionekani

Mimi ni fundi wa kompyuta, na jambo la kwanza ninalomwambia kila mteja ni kwamba kompyuta haina roho, haina kinyongo wala haina siku mbaya. Ikifanya jambo la ajabu, ujue kuna faili mahali fulani iliyoiambia ifanye. Itafute hiyo faili, kazi imekwisha. Nimeishi kwa imani hiyo miaka kumi na minane, na haikuwahi kuniangusha mpaka Jumanne ile nilipoitwa Skimu ya umwagiliaji ya Ilambo.

Mwenyekiti Chavala alinipokea getini mwenyewe. Ni mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani anapoingiwa na hofu, na asubuhi hiyo aliifuta tangu getini hadi mlango wa chumba cha mitambo.

"Fundi Osmunda, meza imeharibika," aliniambia. "Vitu vinapotea."

"Vinapotea vipi?"

"Vinapotea tu. Leo kipo, kesho hakipo. Sasa limepotea lango la saba."

"Lango zima?"

"Lango lipo palepale kwenye mfereji. Limepotea kwenye skrini. Na lisipokuwa kwenye skrini, utalifunguaje?"

Hapo alikuwa na haki. Malango yote ishirini na matatu ya Ilambo hayakuwa na mipini tena. Mipini iling'olewa zamani, watu walipochoka kuibiana maji na kukimbizana na majembe. Lango lilisikiliza redio, redio ilisikiliza kompyuta, na kompyuta ilisikiliza kidole cha mtu mmoja, mgawa maji aliyechaguliwa na mkutano. Sheria ya Maji ndiyo iliyotaka hivyo. Kuna mwaka mashine ziliachiwa zigawe zenyewe, zikakausha bonde zima kwa hesabu ambayo ukiikagua haina kosa hata moja. Tangu hapo sheria ikakata shauri: mashine ishauri, mtu afungue.

"Watu wa lango la saba wana siku ngapi bila maji?"

"Kumi na moja. Kaya arobaini na mbili. Mwanzoni walidhani zamu yao imerukwa kwa bahati mbaya. Sasa miche ya mpunga inawafia kitaluni." Aliivua miwani tena. "Wanaskimu wanakutana leo saa tisa. Mzee Nyenza wa lango la saba ameniambia hatakuja mikono mitupu, na sijui alimaanisha nini."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, kabla ya saa sita nitakuwa nimemaliza. Ndivyo tunavyosema mafundi.

*

Mgawa maji wa Ilambo alikuwa Mama Adelina Kihwele, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mrefu, mkavu, amekaa kwenye kiti kile miaka ishirini na sita.

"Chavala!" alipaza sauti mara aliponiona mlangoni. "Nimeomba fundi, wewe umeniletea Mngoni? Haya, hesabuni vitu vyote kabla hajaondoka."

"Nimekuja kuchukua mashine yetu," nikamjibu. "Mlituibia siku ile mlipokuwa mnatukimbia."

"Nani alimkimbia nani? Babu yako alikimbia mpaka kivuli chake kikaomba kupumzika!"

Wahehe na Wangoni ni watani, tangu babu zetu walipochoka kuuana na kuona afadhali wachekane. Mtani anaweza kukusema mbele ya wakwe zako, anaweza kuja msibani kwako akamwambia marehemu aamke aache uvivu, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, umeshindwa. Mimi na Mama Adelina tulikuwa tumeutumia utani huo vizuri kwa miaka sita, na sijui kama kuna mteja niliyempenda zaidi yake.

"Hivi jina lako nani vile, mtani?" aliniuliza. "Limenitoka."

"Osmunda. Miaka sita nakuja hapa."

"Ndiyo maana. Majina ya Kingoni yanateleza, ukiyashika yanaponyoka."

Tulicheka, mimi na Chavala, na Mama Adelina akatutazama tulivyokuwa tunacheka. Kisha akasogea nione skrini.

Niseme kidogo kuhusu hicho tunachokiita meza. Ndani ya kompyuta ya Linux kuna matabaka. Chini kabisa kuna kiini kinachozungumza na vyuma. Juu yake kuna programu zinazofanya kazi bila kuonekana. Juu kabisa ndipo ilipo meza, yaani yale unayoyaona na kuyagusa: picha, madirisha, orodha, saa pembeni. Meza ikivunjika, kompyuta yenyewe huwa nzima. Ni kama duka lililojaa bidhaa ambalo mlango wake umekwama.

Nimeona meza nyingi zilizovunjika. Kama ile sijawahi kuiona. Hapakuwa na saa. Hapakuwa na kalenda wala orodha wala neno lolote lililoandikwa. Palikuwa na picha tu, zimetawanyika bila mstari: jiwe lenye ufa, duka la bati la bluu, baiskeli nyekundu, mwanamume aliyevaa kofia ya pama. Nikazihesabu. Zilikuwa ishirini na mbili.

"Hizi ndizo malango?" nikauliza.

"Ndizo."

"Na hili jiwe ni lango la ngapi?"

"Ni la kwenye jiwe," alisema, kana kwamba nimeuliza swali la kipuuzi.

Kwa kawaida makosa ya kompyuta yana sura ya kosa. Kitu kinakatika katikati, maandishi yanakuwa vijisanduku vitupu, dirisha linaganda. Hapa palikuwa na mpangilio, ila sikuuelewa. Nilizima na kuwasha. Picha zilirudi vilevile. Nikabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, meza ikatoweka na kubaki skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Huko chini ndiko mafundi tunakojisikia nyumbani, kwa sababu hakuna mapambo ya kukudanganya. Nikakagua diski: haijajaa. Nikakagua masasisho: hakuna lililokatika njiani. Nikasoma kumbukumbu ya mfumo tangu mwanzo wa mwezi uliopita nikitafuta neno "kosa", na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ufundi sikulipata hata moja.

"Umeona nini?" Chavala aliuliza.

"Sijaona kitu."

"Hiyo ni nzuri au mbaya?"

"Hata sijui," nikasema, na ilikuwa kweli.

Fundi akishindwa hurudi kwenye mtihani wa zamani kuliko yote. Unatengeneza mtumiaji mpya, mtu asiyekuwepo, ambaye hajawahi kugusa kitu. Unaingia kwa jina lake. Kama meza yake nayo ni mbovu, ugonjwa uko kwenye mfumo. Kama ni nzima, ugonjwa uko kwenye folda ya nyumbani ya mwenye kompyuta, kule yanakotunzwa mazoea yake yote. Nikamtengeneza mtumiaji, nikamwita Jaribio, nikaingia.

Meza ilifunguka safi kabisa. Saa ipo, kalenda ipo, na malango yote ishirini na matatu yamejipanga kwa namba, la saba likiwa kati ya la sita na la nane kama lilivyopaswa. Chavala alipiga makofi.

Basi nikafanya kile ambacho fundi yeyote angefanya. Sikufuta mazoea ya Mama Adelina, maana mimi sifuti kitu cha mtu. Niliibadili jina ile folda ili mashine isiione, nikamwingiza upya. Meza mpya ikamfungukia, safi kama ya Jaribio. Nilitazama saa yangu. Saa tano na robo. Nikajisikia bingwa.

"Karibu, mtani. Meza yako imepona."

Mama Adelina alikaa. Aliitazama skrini muda mrefu.

"Hii si yangu," alisema.

"Ni yako. Ndivyo ilivyokuwa siku ya kwanza."

"Mngoni, umeniletea kompyuta ya kwenu. Mimi siijui hii."

Chavala akacheka. Mimi pia nikacheka. Mama Adelina akainua kidole na kukipeleka moja kwa moja kwenye pembe ya juu kulia, haraka, bila kusita, kama mtu anayeshika kitasa cha mlango wake gizani. Pale ndipo lilipokuwa jiwe lenye ufa. Sasa palikuwa na kitufe kilichoandikwa FUNGUA YOTE.

Nilimshika mkono kidole kikiwa karibu kabisa na skrini. Malango yote yakifunguka kwa pamoja, bwawa linaisha kwa saa nne, na Ilambo haina bwawa jingine.

"Mama!" Chavala alishtuka.

"Nilitaka kuoga," alisema Mama Adelina. "Hamwoni kulivyo na joto?"

Chavala alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilijaribu kucheka, ila nilikuwa bado nimeushika mkono wake, nao ulikuwa bado unavutia kwenye pembe ile.

*

Nilimwomba Chavala atutafutie chai. Mama Adelina alitoka kunyoosha miguu ukumbini. Nilipobaki peke yangu nikafungua ile folda niliyoificha, nikaanza kusoma.

Meza za siku hizi nyingi ni za aina inayoitwa Mezahai. Waliounda Mezahai walikuwa na wazo moja zuri: meza imjue mwenyewe, na impunguzie usumbufu. Inatazama macho yako yanasita wapi, kidole chako kinarudi nyuma mara ngapi, unafungua nini na kukifunga bila kukitumia. Kitu kikikusumbua mara nyingi, inakiondoa, na ikiweza inaweka kingine rahisi zaidi mahali pake. Kwangu mimi imewahi kuondoa kikumbusho cha kufanya mazoezi. Kwa watu wengi huishia hapo.

Na kila inachokiondoa, inakiandika. Ya Mama Adelina ilikuwa imejaza kurasa.

*Machi 3. Orodha ya majina ya wanaskimu. Mtumiaji amesita sekunde 38. Imeondolewa. Picha zimewekwa. Mtumiaji ametulia.*

*Juni 19. Kalenda. Mtumiaji ameitazama mara 14 kwa saa moja. Imeondolewa. Mtumiaji ametulia.*

*Agosti 2. Saa. Imeondolewa. Mtumiaji ametulia.*

*Novemba 11. Ujumbe kutoka kwa C. Chavala. Mtumiaji hajamtambua mtumaji, sekunde 52. Jumbe zote zimeondolewa. Mtumiaji ametulia.*

Nilisita kusoma hapo kwenye Novemba. Nilikumbuka kwamba mwishoni mwa mwaka nilipita Ilambo kubadilisha betri, na Mama Adelina alikuwa anamwita Chavala "mtani". Chavala ni Mhehe. Mhehe na Mhehe si watani, ni ndugu. Sote tuliona ni kichekesho kipya, Mama kamfukuza mwenyekiti kabila, na wahudumu wa ofisi waliendelea kumwita Chavala Mngoni kwa wiki nzima. Kumbe alikuwa anatafuta neno la kumwitia mtu ambaye jina lake limempotea, akachukua lile linalomfaa kila mtu.

*Januari 27. Lango la saba. Mtumiaji amefungua na kufunga dirisha mara 9. Limeondolewa. Mtumiaji ametulia.*

Faili iliyoiambia mashine ifanye niliipata, kama ninavyoipata siku zote. Haikuwa na kosa. Meza ilikuwa imefanya kazi iliyoundiwa, kwa uaminifu, siku baada ya siku. Ilimwona mwanamke anapotea, ikamwondolea kila alipopotelea, na hatimaye ikaondoa kaya arobaini na mbili. Sheria ilisema mtu ndiye afungue, na mtu ndiye aliyefungua, hakuna aliyevunja sheria. Nilikaa pale kichwa kinaniuma, sijui nimlaumu nani, na nilitamani sana kuona hata mstari mmoja mwekundu.

"Umeona?"

Mama Adelina alikuwa amerudi. Alisimama nyuma ya kiti changu. Sikujua tangu saa ngapi.

"Nimeona."

"Basi nirudishie meza yangu."

"Mtani, meza yako haina lango la saba."

Alifikiri. "Nilidhani waliliondoa," alisema polepole. "Nilidhani wamelifunga, watu wamehama. Sikuliona tena, nikajua halipo."

Akavuta kiti akaketi karibu yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuanza na kejeli.

"Maji nayajua," alisema. "Ukinipeleka kwenye mfereji nikaingiza mguu, nakwambia bwawa limebaki na kiasi gani. La kwenye jiwe ni udongo wa mfinyanzi, linataka maji kidogo kwa muda mrefu. La baiskeli linavuja kwenye kona, lazima uliongezee. Hayo hayajaniacha. Yanayoniacha ni majina na tarakimu. Nikiitazama ile meza yako mpya, mambo yote yananirukia kwa pamoja kama kuku wanaoona mtama."

"Ungewaambia."

"Nimewaambia."

"Lini? Nani?"

"Wote. Kila siku, mwaka mzima. Nimewaambia nasahau, nimewaambia siwajui, nimewaambia leo sijui ni siku gani. Wewe mwenyewe nimekwambia asubuhi hii." Alinitazama usoni. "Ulicheka vizuri sana."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Wakinitoa hapa nitakwenda wapi na kichwa hiki?" aliendelea. "Nyumbani kwangu nikiamka kuna asubuhi sijui mlango uko upande gani. Hapa nikikaa kwenye kiti, najua mimi ni nani. Nirudishie, mtani. Liweke na hilo la saba, mimi nitalifungua."

Sasa niseme ukweli wangu. Nilijua jibu sahihi. Mtu yeyote mwenye akili timamu angelijua: nenda kwa Chavala, mwambie, acha mkutano uamue. Maji ya watu elfu moja na mia nne si jambo la kuonea huruma. Lakini mtu niliyemcheka mwaka mzima alikuwa ameketi mbele yangu ananiomba, na mimi nilikuwa nadaiwa. Nikairudisha folda yake jina lake la zamani. Picha ishirini na mbili zikarudi, naye akashusha pumzi kama aliyetua ndoo. Kisha nikaingia kwenye faili ya mipangilio na kuongeza mstari mmoja, kwamba lango la saba ni marufuku kuondolewa. Picha ya ishirini na tatu ikatokea, daraja dogo la mbao. Nikampa kazi ya kulifungua na kulifunga mara tatu kwa majaribio, mitambo ikiwa imezimwa, na mara zote tatu alipatia.

Nikajiambia kwamba hiyo inatosha. Nilitaka iwe inatosha.

*

Saa tisa ukumbi ulijaa. Skrini ya mgawa maji ilikuwa imerushwa ukutani ili kila mtu aone, ndiyo desturi ya Ilambo. Siku ya mkutano, maji yanagawiwa hadharani. Mzee Nyenza wa lango la saba alikaa mstari wa mbele, amepakata sinia. Juu ya sinia kulikuwa na kipande cha kitalu chake, udongo umepasuka na miche imekauka imesimama. Aliliweka tu sinia sakafuni mbele ya meza ya viongozi, pale ambapo kila anayepita lazima aliruke.

Chavala alinikaribisha. Nikasimama.

"Ilikuwa hitilafu ya meza ya kompyuta," nikasema. "Mipangilio ilijichanganya. Nimeirekebisha."

Watu wakapiga makofi. Mzee Nyenza hakupiga.

"Kama imepona, afungue sasa hivi," alisema. "Tuone."

Mama Adelina alikaa mbele ya skrini, amewapa watu mgongo. Ukutani picha zote zilikuwepo, kubwa kama milango, na daraja la mbao katikati. Alinyanyua kidole. Kikaenda kwenye daraja, kikasimama. Kikaenda kwenye duka la bluu, kikarudi. Nilimwona shingo yake ikikaza. Mara tatu alipatia tukiwa wawili. Sasa macho ya watu mia tatu yalikuwa kisogoni kwake.

Halafu daraja likaanza kusogea.

Lilisogea taratibu, kwa adabu, kuelekea ukingo wa ukuta. Nilikuwa nimeikataza Mezahai isiliondoe. Sikuwa nimeikataza isilisogeze. Tulilitazama sote likifika pembeni, likikatwa nusu, likibaki ubao mmoja, likiisha. Zile picha nyingine zikajisogeza kidogo kuziba nafasi. Mabega ya Mama Adelina yakashuka. Alikuwa ametulia.

Kelele zililipuka. "Imekula tena!" "Fundi muongo!" Mwanamke mmoja wa lango la saba alipanda juu ya benchi akataka kujua miche yake itanywa mipangilio au itanywa nini. Chavala aliniangalia, miwani mkononi, kama mtoto aliyeahidiwa kitu akanyimwa.

"Kompyuta haina kosa," nikasema. Hawakusikia, nikarudia kwa nguvu. "Kompyuta haina kosa! Meza inaondoa kile kinachomchanganya mwenyewe. Mama Adelina ni mgonjwa. Anasahau. Hajui majina yenu, hajui leo ni lini. Lango la saba lilimchanganya, mashine ikamfichia."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mngoni ameshindwa kazi, anamsingizia mtani wake!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata wale waliokuwa wananitukana walicheka, hata Chavala, kicheko cha mtu aliyepata nafuu. Mmoja aliuliza kama Wangoni hutibu kompyuta kwa mizizi. Lolote ambalo ningelisema lingekuwa kichekesho, kwa sababu ya mimi ni nani na yeye ni nani, na nilielewa hapo jinsi alivyoishi mwaka mzima.

Mama Adelina angeweza kunyamaza. Hilo nalitaka lijulikane. Angecheka nao, angerusha neno moja kuhusu babu yangu, mimi ningefukuzwa Ilambo kama fundi muongo na yeye angebaki kwenye kiti chake. Nilimwona akigeuza kiti. Kilikuwa kizito, akakigeuza kwa miguu, kidogo kidogo, mpaka akawa anawatazama.

"Huyu leo hatanii," alisema.

Kicheko kikapungua, hakikuisha.

"Na mimi sikuwa natania."

Sijui kicheko kinaishaje katika ukumbi wa watu mia tatu. Hakikukatika. Kilizimika mmoja mmoja, kila mtu alipofika kwenye siku yake, ile aliyoambiwa jambo akacheka. Niliwaona wakifika. Chavala alifika mapema, akakaa chini.

Aliyesimama ni Mzee Nyenza. Aliliruka sinia lake mwenyewe, akavuta benchi hadi kando ya Mama Adelina, akaketi. Sura yake ilikuwa bado ya hasira, na sidhani kama hasira ile imeisha hadi leo.

"Lango langu liko kwenye mchanga, pana daraja la mbao," alimwambia. "Linataka kiasi gani?"

"La mchanga?" Mama Adelina hakusita hata kidogo. "Robo tatu, kwa saa mbili. Halafu upumzishe hadi jua lishuke, uongeze nusu. Ukilimwagia lote kwa mara moja linakunywa lenyewe, mche haupati."

"Fundi, rudisha hilo daraja," Mzee Nyenza alisema bila kunitazama.

Nilirudisha. Mzee akaonyesha kwa kidole chake mahali lilipo, na Mama Adelina akaweka chake. Redio ikalia mara moja juu ya paa. Watu wa lango la saba walitoka mbio kwenda kuangalia mfereji, na tukasikia wakipiga kelele huko nje kabla hawajafika, waliposikia maji yanakuja.

Mkutano uliendelea mpaka saa kumi na mbili na nusu. Wengine walitaka achaguliwe mgawa maji mwingine palepale, na hawakuwa watu wabaya. Miche iliyokufa imekufa. Wengine walisema yeye na jicho la mtu mwingine kando yake ni salama kuliko kijana mwenye kumbukumbu nzuri asiyejua mchanga na mfinyanzi. Walikubaliana kidogo tu: kila lango litoe mtu wa kukaa naye kwa zamu, hadi mwisho wa msimu, na Mezahai iondolewe kwenye mashine. Mama Adelina aliuliza mara mbili uamuzi ulikuwa nini, na mara zote mbili aliambiwa, taratibu, bila mtu kucheka.

Nilijaza fomu ya kazi nikiwa nimesimama kwenye kaunta ya ofisi. Kwenye chanzo cha hitilafu kuna visanduku viwili tu, mashine na mtumiaji, na unatakiwa kuweka alama kwenye kimoja. Nilisimama hapo mpaka mhudumu akaanza kufunga madirisha. Niliviacha vyote viwili vitupu, nikaandika chini yake:

*Mtumiaji alitoa taarifa mwenyewe, mara nyingi, tangu mwaka jana. Hakuna aliyeipokea.*